Nina Boxer na hema, nataka kuzunguka Lindi na Mtwara kwa vibarua vya korosho. Inawezekana?

Swali: "Shikamoo bwana shamba. Nina miaka 24, naishi Mbagala, nina pikipiki Boxer 150 yangu mwenyewe na hema dogo la mtu mmoja. Mwezi wa 10 nataka kwenda Kusini: Kilwa, Lindi, Mtwara, nipande Newala, nitokee Masasi, nirudi kupitia Nachingwea na Ruangwa, kama miezi mitatu hivi. Mfukoni nitakuwa na sh 350,000 tu. Nataka kulala porini kwenye hema nisilipe gesti, na nifanye vibarua kwenye korosho maana jamaa yangu anasema msimu ukianza huko hela nje nje, na hata ukilipwa korosho unakuja kuziuza Dar kwa faida. Siku ikikosa kibarua napiga bodaboda. Kuziba pancha najua, simu pia natengeneza kidogo. Mama anasema nitaliwa na simba. Inawezekana au najidanganya?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na ntakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa damu, maana nimefanya kazi ya ugani huku Kusini miaka mingi, pikipiki ndo ofisi yangu, na nshalala kwenye hema, kwenye dungu, kwenye ghala na kwenye sakafu ya ofisi ya kijiji. Inawezekana, ila mpango wako kama ulivyo utakukwamisha. Wewe unaogopa simba, na huko nitafika, lakini kitakachokukwamisha mapema kuliko simba ni siku ya malipo. Alafu kuna hili la kuelewa mwanzo kabisa: wapi utalala na nani atakupa kazi, huku kwetu ni jambo moja, yote yanapita kwa mwenyeji. Ukija bila mwenyeji utahangaika na vyote viwili hata hema lako liwe zuri vipi.

Tuanze na hiyo "hela nje nje". Jamaa yako hajadanganya, kachanganya miezi tu. Korosho inaanza kudondoka mwezi wa 9 na wa 10, watu wanaokota mpaka Desemba na kuendelea, lakini tangu 2007 korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Maana yake mkulima akiokota anaanika, anachambua, anapeleka AMCOS, yani chama cha ushirika cha kijiji, zinapimwa anapewa karatasi yake, mzigo unasubiri gari mpaka ghala kuu, ukifika unaingia kwenye mnada wa chama kikuu (Masasi na Mtwara ni MAMCU, Tandahimba na Newala TANECU, Ruangwa Nachingwea na Liwale RUNALI, pwani ya Lindi ni Lindi Mwambao), wakulima wanakubali bei au wanaigomea, mnunuzi analipa, makato yanakatwa, ndo hela inaingia akaunti ya mkulima benki. Hapo katikati zinaweza kupita wiki kadhaa. Kwaiyo mwezi wa 10 ukimkuta mkulima shambani kwake na korosho zimetapakaa chini kama kokoto, yule mtu ni tajiri wa karatasi, mfukoni hana kitu, sukari anakopa dukani. Atakupokea vizuri, atakulisha, ila akikwambia "nitakulipa mnada ukilipa" anakwambia ukweli mtupu, na ukweli huo petroli haununui. Vijiji vinachangamka kweli hela zikishaingia, spika mpya, bati mpya, harusi kila kona, ila hapo kazi ya kuokota inakuwa imeshapungua na mvua imeanza.

Mwaka mmoja nilimkuta kijana pale Kitangari, Newala, kwenye kibanda cha chipsi, katoka Dar na pikipiki kama wewe. Akanitolea daftari la shule, amechora vijiti, kila kijiti ndoo moja aliyookota, kila tano amezikata kwa mstari, kurasa tatu zimejaa. Wiki tatu za kazi. Mwajiri wake hakuwa mwizi hata kidogo, mnada ule wakulima walikuwa wameigomea bei na mzigo umelala ghalani. Yule kijana aliuza simu ili apate mafuta ya kurudi. Alilipwa baadaye, kwa kutumiwa, mwenyeji wake alikuwa mtu mwaminifu, lakini simu ya kupokelea hiyo hela hana, ikabidi itumwe kwa dada yake.

Kwaiyo kabla hujashika ndoo uliza swali hili bila aibu: "Mzee, hela ya kibarua ipo mkononi au inasubiri mnada?" Huku halichukuliwi kama utovu wa adabu, vibarua wenyeji wanaliuliza kila siku. Kama inasubiri mnada, omba mgawane: chakula na mahali pa kulala kila siku, kiasi fulani cha taslimu kila Jumamosi, kinachobaki ndo kisubiri. Kazi ipimwe kwa kipande, yani kwa ndoo au kwa ekari, kwa sababu ukikubali kwa siku mtagombana jioni siku inaishia saa ngapi. Alafu yale makubaliano myaseme mbele ya mtu wa tatu, jirani au balozi wa nyumba kumi, sio kwa sababu humwamini ila kwa sababu mtu mwenyewe anaweza kusahau, na wewe pia.

Sasa hili la kulipwa korosho ukauze Dar, hapa naomba unisikilize vizuri. USIFANYE. Korosho ghafi haisafirishwi kiholela, inatakiwa ipite kwenye mfumo niliokueleza, na biashara ya kununua pembeni kwa bei ya kutupa ndo inaitwa kangomba, imeumiza wakulima wengi sana huku na serikali inaisaka kila msimu. Mgeni, pikipiki ya Dar, gunia nyuma limefunikwa na turubai, saa moja usiku: hata ueleze vipi kwamba ni ujira wako, pale kwenye kizuizi wewe ni kangomba, mzigo unachukuliwa, na unaweza kulala ndani. Na kwa sababu wewe sio mkulima wa pale huwezi kupima kwa jina lako, atakayekubali kuzinunua ni huyohuyo wa kangomba kwa bei anayotaka yeye. Mtu akiwa hana hela kabisa na anataka kukupa korosho, mwambie aziache kwenye mzigo wake, zipimwe kwa jina lake, mnada ukilipa akutumie kwenye simu. Hii inahitaji umwamini, ndo maana nasema mambo yote yanarudi kwa mwenyeji. Za kula barabarani, zilizobanguliwa, nunua kwa akina mama wanaouza, hizo hazina shida.

Kazi zenyewe ziko hivi. Kuokota ni kuinama kutwa nzima, unatenganisha korosho na bibo (lile tunda lake), unajaza ndoo, mgongo utaukumbuka. Kuna kuanika na kuchambua daraja la kwanza na la pili, hii ni kazi ya kukaa kivulini lakini wenyeji mara nyingi wanafanya wenyewe na familia. Kubeba kutoka shambani kuleta nyumbani, hapa Boxer yako inaweza kukupa thamani kuliko mikono yako, kwa sababu mashamba mengi yako mbali na njia ni mchanga, ila beba mzigo wa mwenyeji wako, ndani ya kijiji, mwenyewe akiwepo. Kupakia magari ghalani sahau, wale makuli wana kikundi chao na zamu zao na mgeni haingii tu. Ukishuka pwani, Kilwa mpaka Lindi na Mtwara, kuna mashamba ya chumvi kabla mvua hazijachanganya, wanavuna kwa kukwangua na kubeba, kazi ngumu inayokula miguu, vaa gambuti. Kama ungekuwa unakuja mwezi wa 5 au wa 6 ningekwambia ukimbilie ufuta, Kilwa, Ruangwa na Nachingwea, lakini kwa mwezi wa 10 ufuta ulishavunwa.

Kubangua nakutahadharisha peke yake. Korosho nzima ukiishika haina neno, lakini ganda lake lina tabaka mbili na katikati kuna mafuta meusi mazito, yale yana tindikali inayounguza ngozi kwelikweli, sio kuwasha. Unaona kidoa kidogo cha kahawia kidoleni leo, kesho kutwa ngozi inajikunja na kubanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Ukizikaanga bila kujua mafuta yanaruka na moshi wake unachoma macho na kifua. Wabanguaji wanajipaka majivu au mafuta mikononi ili yale meusi yasigandie, wenye uwezo wanavaa glavu. Ukipewa kazi hiyo fanya kama wao, usijiguse uso, usiende haja ndogo kabla hujanawa kwa sabuni, na usivae helmeti kwa mikono hiyo, maana ile sponji ya ndani inabaki na sumu na utaamka na paji la uso limevimba.

Lakini we mwenyewe umetaja dhahabu yako mwishoni kabisa kama kitu kidogo: unaziba pancha na unatengeneza simu. Mdogo wangu, hiyo ndo kazi ya safari hii! Msimu wa korosho kila kijana wa kijijini anakimbiza pikipiki kwenye visiki na miiba, na fundi wa pancha analipwa palepale, hamna cha kusubiri mnada. Beba pampu ya mguu, vyuma vya kutolea tairi viwili, viraka na gundi ya kutosha, tyubu mbili za saizi inayotumika sana, bisibisi ndogo za simu na vichwa vichache vya chaja. Ukifika kijijini usitandike pembeni na fundi aliyepo, nenda kamsalimie, mwambie unapita siku tatu nne, kama amezidiwa umsaidie mgawane. Nakuhakikishia hutokosa hela ya kula.

Bodaboda hapana. Kubeba abiria kwa malipo kunataka leseni ya LATRA, na bima ya matumizi binafsi haitakulinda ukianguka na abiria wa kulipa. Hata tukiacha sheria, kila stendi ina kijiwe chenye uongozi na michango yake, ukianza kuokota abiria wao hawatakuelewa, na haohao ndo ungewahitaji wakuelekeze njia.

Tuje kwenye kulala. Wazo la kwamba pori ni la bure na halina mwenyewe lifute. Ardhi unayoiona ni ya kijiji, mikorosho ina wenyewe hata kama hakuna uzio, na mgeni anayekutwa amelala chini ya mkorosho msimu wa mavuno anafikiriwa kitu kimoja tu, kwamba amekuja kuiba. Alafu kuna suala la usalama. Vurugu za Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma zilianza 2017, na Oktoba 2020 wavamizi walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya huku Mtwara. Tangu hapo watu wa mpakani wana haki ya kumuuliza kila mtu wasiyemjua, na kijana wa umri wako, peke yake, na hema na pikipiki, karibu na mto, ndo wa kwanza kuulizwa. Usilale ukanda wa Ruvuma kwa kujificha, hata usiku mmoja. Kitu kingine ambacho wageni hawakijui: ukitoka Madimba unaona njia imefyekwa safi, pana, nyasi fupi, inafuatana na barabara, unasema hapa pametulia. Ule ni mkuza wa bomba la gesi la kwenda Dar, unalindwa, usiweke hata kigingi. Na ukiona porini kibanda cha makuti, moshi, sauti za watoto wakiimba, likizo ya Desemba hasa, hiyo inaweza kuwa kumbi ya jando. Geuza pikipiki taratibu uondoke, usipige picha, usiulize maji.

Utaratibu ni rahisi na unafanya kazi. Fika kijijini jua likiwa bado juu, saa tisa au kumi. Uliza nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya mtendaji wa kijiji. Zima pikipiki mbali kidogo, vua helmeti, salimia watu wote waliokaa barazani, shikamoo kwa wakubwa, mwache mtu akukaribishe kwanza ndo uanze shida yako. Onyesha kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako Mbagala, hiyo barua ichukue kabla ya safari, yenye muhuri, itoe kopi tano. Waambie unatoka wapi, unakwenda wapi, unaomba kuweka hema uani kwa mtu au jirani na ofisi ya kijiji. Mara tisa kwa kumi watakupa mahali, na mara nyingi hema hutolifungua, utapewa chumba cha vijana. Na hapohapo ndo kazi inapatikana, kwa sababu mwenyekiti ndo anayejua nani ana ekari nyingi na watoto wake wako Dar.

Ukipanda uwanda wa Makonde, Tandahimba na Newala, chunga sana maji. Kule juu maji ni shida tangu zamani, ndoo inanunuliwa, kwaiyo ukikaribishwa kwa mtu usioge ndoo mbili kama upo Mbagala. Nenda na dumu lako la lita 10, lijaze mwenyewe, mkabidhi mama mwenye nyumba. Nimeona wageni wakikaribishwa wiki nzima kwa sababu ya dumu moja.

Mama yako hajakosea kuhusu simba, ila ngoja nikueleze inavyokuwa ili uogope mahali panapostahili. Kuanzia 1990 mpaka 2005 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini, na sehemu kubwa ilikuwa kanda hii, Rufiji mpaka Lindi na Masasi. Waliochunguza waligundua mlolongo wake: wanyama wa porini wamepungua, nguruwe pori wamebaki na wanafuata mashamba, mkulima analala kwenye dungu kulinda mazao yake, simba anamfuata nguruwe anamkuta mtu ndani ya kibanda cha nyasi. Sasa hema lako lina kinga gani kuliko kibanda cha nyasi? Na mabibo yaliyodondoka usiku yananukia, nguruwe pori wanayapenda. Hiyo ndo sababu yangu kubwa ya kukukataza kulala mkoroshoni peke yako, hasa Liwale, Nachingwea na Nanyumbu, upande wa hifadhi ya Nyerere na mapori ya akiba kama Lukwika-Lumesule. Waligundua pia kwamba mashambulizi yanaongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi unachelewa kuchomoza na zile saa za mwanzo wa usiku zinakuwa giza, wakati watu bado wako nje. Uani kwa mtu, kati ya nyumba, na ukijisaidia usiku nenda na tochi, hatari hiyo inapungua sana. Tembo ukiwakuta barabarani zima injini kwa mbali usubiri, usipige honi.

Huo mwezi uangalie ukiwa ufukweni pia. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, jua na mwezi vinavuta bahari pamoja, tunapata bamvua, na pwani hii maji yanaweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Msimbati ni pazuri mno, mchanga mweupe mpaka unashangaa, ila pako ndani ya hifadhi ya bahari kwaiyo ulizia ofisi yao utaratibu na malipo kwanza. Popote pwani, tafuta ule mstari wa majani makavu ya bahari na takataka, weka hema juu yake, pikipiki nayo iwe juu yake.

Kuhusu nyoka, jamaa wengi wanaamini chini ya mkorosho hawakai. Wanakaa, kifutu hasa, kwenye majani makavu, na hakimbii anatulia hapohapo mpaka umkanyage. Buti na tochi. Ukiumwa usichanje, usifunge kamba ya kubana, tulia, mguu usitembeshwe, mtu mwingine aendeshe pikipiki mpaka hospitali.

Ugonjwa unaonitia wasiwasi zaidi kwako ni malaria. Mtwara ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, na tatizo la msafiri ni huu utaratibu wa mdudu mwenyewe: ukiumwa na mbu leo, vimelea vinaingia kwenye ini na kukaa kimya kama wiki moja, ndo vinaingia kwenye damu, na homa mara nyingi inakuja wiki moja mpaka mbili baada ya kuumwa. Kwaiyo utang'atwa Masasi ukiwa mzima kabisa, homa itakupata upo peke yako katikati ya Nachingwea na Ruangwa, na utasema ni uchovu wa pikipiki. Usiseme hivyo. Homa, baridi, kichwa au kutapika, simamisha safari siku hiyohiyo, zahanati yoyote wana kipimo cha haraka. Beba chandarua kidogo kinachoingia ndani ya chumba utakachopewa, na usimeze dawa za mseto kwa kubahatisha bila kupima. Na jiko la mkaa usiliingize ndani ya hema hata mvua inyeshe vipi, ile hewa yake haina harufu na inaua mtu amelala.

Pikipiki yenyewe nitapita haraka maana unaijua. Mzigo mzito uweke chini na karibu na wewe, spana na tyubu mbele, keria ibaki na hema na nguo, kwa sababu uzito ukizidi nyuma ya ekseli gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza ukifika 70. Barabara kuu Dar mpaka Mtwara ni lami, Mtwara mpaka Mnivata lami, ukielekea Tandahimba na Newala ulizia hali ya ujenzi kwa madereva siku hiyo. Kwenye mchanga punguza upepo kidogo, kaa nyuma, gia ndogo, gesi iwe moja usiiachie ghafla, na usishike breki ya mbele. Udongo mweusi wa mabonde ukilowa unajaza madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, hapo hamna ujanja, subiri jua. Petroli ya chupa nunua pale tu huna jinsi.

Hela sasa. Mzunguko wako wote ni kama kilometa 1,500, Boxer yenye mzigo tuipe kilometa 40 kwa lita, ni lita 38 hivi, ukipiga kwa sh 3,000 inakaribia sh 115,000, bado zunguka za vijijini. Kwaiyo katika ile 350,000 toa sh 100,000 iweke kwenye simu na usiiguse, ndo nauli yako ya kurudi au ya hospitali. Ukitoa na petroli inabaki sh 130,000 hivi ya kula na dharura, miezi mitatu haifiki. Mi ningekushauri wiki sita: ondoka katikati ya mwezi wa 9, ukae vijiji vitatu au vinne tu, wiki na zaidi kila kimoja, badala ya kukimbiza ramani, mwishoni mwa mwezi wa 10 uwe unarudi. Kijiji cha kwanza kinakupa jina la mtu wa kijiji cha pili, ndo utaona safari inavyolainika. Ukirukia Desemba unaingia kwenye mvua, na barabara kuu ya Dar imeshawahi kukatika, Mei 2024 kipindi cha kimbunga Hidaya maji yalikata njia Somanga watu wakakwama siku kadhaa. Na usiku mmoja kwa wiki lala gesti, za sh 10,000 zipo, uoge, uchaji simu, ufue, ulale bila kusikiliza kila kijiti kinachovunjika. Ukiwa Newala mpe siku nzima Shimo la Mungu, ukae pale ukingoni uangalie bonde la Ruvuma.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Mwajiri akikataa kukulipa kabisa, anza kwa mtendaji wa kijiji na yule shahidi wako, ikishindikana kuna afisa kazi Mtwara mjini na Lindi mjini, na CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) wanapokea madai ya ujira ndani ya siku 60, usikae nayo mwaka. Jeraha, nyoka, homa isiyoshuka: hospitali ya Ligula au ya kanda pale Mitengo ukiwa Mtwara, Sokoine ukiwa Lindi, Mkomaindo ukiwa Masasi, na njiani kuna Ndanda na Nyangao, hizi mbili zipo kwenye barabara ya Masasi kwenda Mingoyo. Macho yakiingiwa na mafuta ya korosho osha kwa maji mengi hapohapo, dakika 15 au zaidi, ndo uende.

Ukifika huku pita ofisi yoyote ya ugani au AMCOS, sisi mabwana shamba hatufichi, uliza nani anahitaji watu mwaka huu na nani analipa vizuri, tunawajua. Na kila jioni, ukishapewa mahali pa kulala, mtumie mama meseji yenye jina la kijiji na namba ya mwenyekiti, kabla hujazima simu.